Taa za Ajuza

Aliyeanza kuona ni muuza maziwa. Alisimamisha baiskeli yake mbele ya gereji, akaegemea kiti chake, akauliza kama mtu anayeulizia hali ya hewa:

"Fyuzi, ile pikapu ya marehemu kaka yako, siku hizi anaiendesha nani?"

Fyuzi alikuwa amelala chali chini ya basi dogo, miguu tu ndiyo iliyokuwa nje. "Haiendeshwi na mtu. Iko chini ya turubai tangu tuzike."

"Basi taa zake za breki zinawaka. Jana jioni nimepita uani kwa shemeji yako kupeleka maziwa, nikaona wekundu chini ya turubai kama jiko la mkaa. Nikadhani moto. Niliposogea, zikazima."

Fyuzi akacheka huko huko chini. Jina lake alilopewa na wazazi mtaa mzima ulishalisahau. Alikuwa fundi wa umeme wa magari, na walimwita kwa kile kitu alichokuwa anabadilisha kila siku. Alijua vizuri kwamba gari likisimama miezi bila kuwashwa, betri inakufa yenyewe.

"Uliona jua kwenye vioo vya taa, bwana. Gari lile halina umeme hata wa kumshtua nzi."

"Jua lilikuwa limeshazama," akasema muuza maziwa, akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Pikapu ile ilikuwa na umri mkubwa kuliko Fyuzi mwenyewe. Kaka yake aliipata ikiwa tayari imezeeka, bodi limekula kutu, milango inafungwa kwa kubembelezwa, akaipa jina la Ajuza. Aliifanyia kazi ya kuhamisha watu: vitanda, makabati, magodoro yaliyokunjwa, na mara nyingine bibi wa watu amekaa kwenye kochi lake juu ya bodi, mwavuli mkononi. Alikuwa mtu wa maneno mengi na haraka kidogo. Kisha mapafu yakaanza kumsumbua, akaingia hospitali akitembea kwa miguu yake, hakutoka hivyo.

Jumapili baada ya chakula cha mchana, Fyuzi alibeba mkoba wake wa vifaa akaenda kwa shemeji yake. Shemeji alikuwa msusi. Chumba cha mbele alikigeuza saluni, vioo viwili na viti vitatu, na nyuma kulikuwa na ua wenye ukuta wa matofali, ndipo Ajuza alipokuwa. Siku hiyo saluni ilikuwa imefungwa. Shemeji alimfungulia akiwa amevaa gauni la ndani na khanga, macho mazito kama mtu aliyeamshwa.

"Nimekuja kuangalia gari, shemeji. Wanasema taa zinawaka. Isije ikawa waya umechubuka, ukashika moto mkiwa mmelala."

"Hazina tatizo," alisema shemeji haraka.

"Umeziona zikiwaka?"

"Nimesema hazina tatizo."

Binti wa shemeji na marehemu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kutokea uani. Alikuwa na miaka sita hivi, na kwa sababu tangu alipojua kusema hakunyamaza, walimwita Chiriku. Kichwani alijifunga kitambaa cha mama yake, amekizungusha hadi shingoni.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, Chiriku wangu. Umekuwa bibi siku hizi, unajifunga vilemba?"

Mtoto hakucheka. "Usimharibie baba gari lake. Akirudi safari atalitaka."

Fyuzi alimtazama shemeji. Shemeji akaangalia pembeni. Siku ya msiba mtoto alipelekwa kwa jirani, na aliporudi jioni aliambiwa baba amesafiri. Watu wote walidhani mama atamweleza baadaye akipata nguvu. Baadaye hiyo haikuja. Hata yeye mwenyewe shemeji, mteja akimuuliza habari za mumewe, alijibu, "Hayupo." Neno lile jingine halikuwahi kumtoka mdomoni.

Fyuzi aliivuta turubai. Harufu ilitoka kwanza, na haikuwa harufu ya gari lililolala. Ilikuwa ya udongo uliochimbwa sasa hivi, mbichi, na ndani yake kitu kitamu kidogo, kama mafuta ya nywele yaliyoachwa juani. Akafungua boneti. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga wa kijani. Akachomeka taa yake ya kupimia. Haikuwaka hata kidogo. Betri ilikuwa imekufa kabisa, kama alivyosema.

Alipozunguka nyuma, taa za breki zilikuwa zinawaka.

Haukuwa mwanga mkali. Ulikuwa wekundu mzito, unaotulia. Fyuzi alisimama akiutazama, kisha akafanya anachofanya fundi: akaanza mwanzo. Alirudi mbele akafungua nyaya zote mbili za betri, akaitoa betri yenyewe akaiweka chini kwenye saruji. Taa zikaendelea kuwaka. Akatoa fyuzi ya breki. Ilikuwa imekatika siku nyingi. Akafungua kioo cha taa ya kushoto, akagusa balbu ikamuunguza kidole, akaitoa kwa kitambaa, akaiinua juu kuitazama. Kiwaya cha ndani kilikuwa kimekatika. Balbu ile ilikuwa imeungua zamani.

Akaenda kwenye mlango wa dereva, akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya usukani kutafuta swichi ya breki, ile ndogo inayobonyezwa pedali ikishuka.

Pedali ilikuwa imeshuka.

Ilikuwa imekanyagwa nusu, kama dereva anayesubiri mtu avuke barabara. Fyuzi alijiambia springi imelegea. Akaishika pedali kuivuta juu, nayo ikakataa. Haikuwa imekwama. Chuma kilichokwama anakijua, hakiendi mbele wala nyuma. Hii ilikuwa na uzito juu yake, uzito laini, unaotikisika kidogo kidogo jinsi mguu wa mtu unavyotikisika akichoka kukaa. Akavuta kwa mikono miwili. Basi uzito ule ukaondoka wenyewe, taratibu, kama mtu anayempisha mwenzake, na pedali ikapanda juu, na nyuma ya gari taa zikazima.

Alifunika gari, akamuaga shemeji kwa mbali, na barabarani akagundua kwamba betri ameiacha chini uani na mkoba wake nao ameusahau.

Kesho yake alifunga gereji mapema akarudi, na springi mpya mfukoni na swichi mpya. Mbingu ilikuwa imeziba, mvua inanyemelea. Saluni ilikuwa wazi. Shemeji alikuwa anamsuka mwanamke mmoja, vidole vinakwenda bila yeye kuviangalia. Fyuzi alipita moja kwa moja uani.

Turubai ilikuwa imeinuliwa upande mmoja. Ndani ya gari, kiti cha abiria, Chiriku alikuwa amekaa akiongea kwa sauti ya chini, ya kunong'ona. Anasema, ananyamaza, anaitikia kwa kichwa, anasema tena. Macho yake yalitazama juu kidogo, kule ambako ungekuwa uso wa mtu aliyeshika usukani.

"Chiriku. Unaongea na nani?"

Mtoto aligeuka. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupauka. "Na baba. Kaniambia nisikuambie."

Fyuzi akajikaza, akaegemea dirisha kama mtu asiye na wasiwasi. "Anasema nini?"

"Anasema safari inakaribia kuanza. Safari hii tunakwenda wote wawili. Bado kidogo tu."

"Bado nini?"

"Nywele," alisema Chiriku. "Nikiishiwa nywele, tunaondoka."

Fyuzi hakuelewa, na hakutaka kuelewa haraka. Alimbeba mtoto akamtoa nje, akashangaa wepesi wake, akamkalisha ngazini. Kisha, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, akatandika gunia akaingia chini ya gari kufuata waya wa breki, kutoka kwenye swichi, kupita chini ya sakafu, hadi nyuma. Waya huo alikuwa ameutandika yeye mwenyewe pamoja na kaka yake, na alijua kila alipoufunga tepu. Aliufuata kwa vidole kwenye giza lile la chini ya gari. Karibu na gurudumu la nyuma ukabadilika. Ganda lilikuwa lile lile, jekundu, lakini ndani yake mlikuwa laini mno, mnabonyea. Shaba haibonyei hivyo.

Akachukua kisu akalichana ganda kwa urefu wa kidole.

Ndani hapakuwa na shaba. Palikuwa na nywele. Nywele nyeusi, nyembamba, za mtoto, zimesukwa msuko mmoja mrefu usio na mwisho, umepita ndani ya ganda kama mshipa, na zilikuwa za moto.

Alitoka chini akiita, "Shemeji! Shemeji, njoo!" kwa sauti iliyomtoa hata mteja, kichwa kimesukwa upande mmoja. Shemeji aliinama chini ya gari akaangalia msuko pale ganda lilipochanwa. Mtu aliyeshika nywele za watu maisha yake yote hahitaji kuangalia mara mbili. Alinyanyuka, akaenda ngazini, akamfungua Chiriku kitambaa.

Nyuma ya kichwa, kutoka utosini hadi shingoni, hapakuwa na unywele. Hapakuwa na kidonda wala kovu. Ngozi tupu, safi, kama haikuwahi kuota kitu. Mbele tu ndiko palikobaki mistari michache ya msuko wa zamani, uliochakaa.

"Nani amekufanya hivi?" aliuliza shemeji, ingawa alishajua.

"Baba ananisuka," alisema Chiriku. "Wewe ulikuwa hutaki."

Shemeji akakaa chini palepale kwenye saruji. Mteja aliokota mkoba wake akaondoka na kichwa chake nusu, hakuaga. Fyuzi alichuchumaa karibu na shemeji yake, na kwa mara ya kwanza tangu msiba wakaongea kweli.

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua taa. Si unakumbuka alivyokuwa akirudi, anakanyaga breki mara mbili pale getini ili nijue ni yeye, niweke chai? Jioni moja nimekaa jikoni, nikaona wekundu dirishani. Mara mbili. Nikaweka chai, shemeji. Nikaipeleka garini. Asubuhi kikombe kitupu. Nikasema basi, hata kama ni hivyo tu, inanitosha. Ulipokuja na vifaa vyako nilikuchukia."

"Na mtoto?"

"Sikumwangalia mtoto." Akaweka mkono mdomoni. "Nawasuka watoto wa wenzangu kutwa nzima, na wangu sikumwangalia kichwa."

Mvua ikaanza kunyesha. Walimwingiza Chiriku ndani, na Fyuzi akaenda kumtafuta Bi Chumvi.

Bi Chumvi alikuwa mjane mnene, mfugaji wa kuku, na ukimwona sokoni anagombana na wauza pumba usingemdhania mganga. Alipata jina lake kwa sababu hakuwa na hirizi, wala chetezo, wala kibuyu. Alikuwa na chumvi ya mawe na dua, basi. Alikuja siku iliyofuata alasiri, shavu limevimba kwa jino, akilalamika kwamba Fyuzi amemtoa kwenye vifaranga vinavyototolewa. Lakini alipofika uani alilizunguka gari bila kuligusa. Akanusa. Kisha akamwita Chiriku akamshika viganja, akavipuliza kama anavyopulizwa mtoto aliyeungua.

"Baridi," alisema. "Mjukuu wangu, huyo anayekusuka, miguu yake umewahi kuiona?"

"Hashuki garini," alisema Chiriku.

Bi Chumvi akawaita wakubwa pembeni ya ukuta.

"Huyo si mumeo, mwanangu. Mumeo kalala, hana haja na nyaya. Hilo ni jini, na si la hapa, ni la njiani, linatembea likitafuta nyumba ambamo mtu anasubiriwa. Linachukua umbo la yule mnayemngoja. Kilio chenu ndicho chakula chake. Kwanza chai, kisha nywele, halafu mtoto mwenyewe."

"Litoe," alisema Fyuzi.

"Mimi sikuliita, nalitoaje? Atalitoa aliyelipelekea chai." Akamgeukia shemeji, na sauti yake ikapungua ukali. "Utakaa kwenye kiti chake, jua likizama. Litakuja na sauti ya mumeo. Litakwambia mambo mnayoyajua nyinyi wawili. Hutajibu hata moja. Utaliambia mumeo yuko wapi, kwa neno lenyewe, si kwa neno la kuzungukazunguka. Na mtoto awepo, asikie. Kwa sababu kilichomshika mtoto ni huko kusubiri."

"Hawezi," alisema shemeji. "Ni mdogo."

"Kichwa chake umekiona," alisema Bi Chumvi.

Fyuzi aliambiwa alale chini ya gari na koleo lake la kukatia nyaya mkononi, kwenye ule waya. Asikate taa zikiwa zimezima, kwani hapo atakata nywele tu. Akate zikiwa zinawaka, likiwa limo ndani.

Jioni ile ua ulikuwa na maji ya mvua. Bi Chumvi alimwaga chumvi akizungusha kigoda, akakaa, akampakata Chiriku mbele ya gari, akaanza dua zake kwa sauti ndogo isiyopanda wala kushuka. Shemeji aliingia upande wa dereva. Alikuwa amejifunga vizuri, amechana nywele, kana kwamba anakwenda mahali. Fyuzi alilala chini kwenye gunia lililoloa, koleo likiwa limeuma ule msuko laini, akasubiri.

Majirani walifunga madirisha. Rangi ya mwisho ikaondoka ukutani. Na ile harufu ikaja, udongo mbichi, safari hii karibu sana, kana kwamba kaburi linachimbwa hapo hapo kichwani pake. Msuko ukaanza kupata moto. Kwenye maji nyuma ya gari ukatokea wekundu, ukazima, ukatokea tena, ukabaki.

"Mama Chiriku," ilisema sauti. "Mbona umekaa kwangu?"

Fyuzi aliuma ulimi wake, maana ilikuwa sauti ya kaka yake yenyewe, ile ya kabla ya hospitali, yenye kicheko kimekaa chini yake, na ilitoka juu, ndani ya gari, mahali ambapo hapakuwa na mtu ila shemeji peke yake.

"Umepungua," ilisema. "Unakula kweli? Nimekwambia mara ngapi usikae na njaa unasuka watu. Sogea kidogo, nikanyage mimi, wewe umechoka. Sogea, mke wangu. Si unaona nimerudi?"

Shemeji alilia bila kufungua mdomo, kilio cha puani, na Fyuzi akasikia kiti kikilia springi zake kama mtu anayeanza kusogea, akageuza shingo kutazama upande wa mlango wa dereva, na pale, katika ule mwanga mwekundu uliokuwa unatetemeka juu ya maji, akaona miguu miwili imesimama, imevaa ndala za hospitali ambazo kaka yake alikufa nazo, kisigino cha kulia kimelika vilevile, kucha zilezile, lakini miguu ile haikuwa imefika chini, ilining'inia upana wa kidole juu ya maji, nayo maji yalikuwa yametulia bila hata mkunjo, na wakati anaitazama vidole vyake vikaanza kugeuka polepole, vikamwelekea yeye chini ya gari, kama vile mwenye miguu amejua kwamba anatazamwa na sasa anainama ili amwonyeshe uso.

"Sema!" alifoka Bi Chumvi. "Sema, mwanangu, kabla halijainama!"

"Mume wangu," alisema shemeji, akaishia hapo. Sauti ikamwitikia kwa upole, "Naam, mke wangu," na Chiriku kwenye mapaja ya Bi Chumvi akaanza kujinyonganyonga akiita baba, baba, nishushe niende kwa baba, kwa nguvu ambayo mtoto wa umri ule hana, na chumvi ikaanza kutapakaa chini ya visigino vyake.

"Mume wangu amekufa!" alipiga kelele shemeji. "Amekufa! Alikufa alfajiri nimemshika mkono, nikamfumba macho mimi mwenyewe kwa vidole hivi! Chiriku, baba yako amekufa, mwanangu. Hakusafiri popote. Mama alikudanganya. Amekufa, tumemzika, hatarudi!"

Taa zikawaka mpaka ua mzima ukawa mwekundu. Fyuzi akafumba macho akabana koleo kwa mikono miwili, msuko ukakatika, ukamchapa usoni kama kitu kilicho hai, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa kila mahali.

Sauti haikuondoka mara moja. Ilimwita shemeji kwa jina lake, lile la ndani, ambalo mumewe peke yake alilitumia. Kisha ikalikosea. Ikajaribu jingine. Ikaendelea kutaja majina ya wanawake ambao hakuna mtu pale aliyewajua, moja baada ya jingine, haraka haraka, kwa sauti tofauti tofauti, ya mzee, ya kijana, ya mtu mwenye kikohozi, kama mtu anayejaribu funguo nyingi kwenye mlango mmoja. Ikawa inakwenda mbali, juu ya ukuta, juu ya mabati ya jirani, mpaka mvua ikaanza tena, ikasikika hiyo tu.

"Hao wote," alisema Bi Chumvi, akipangusa uso wa mtoto, "hao wote waliliwekea chai." Na yeye pia, Fyuzi aliona, alikuwa analia.

Waya ule mzima waliutoa wakauchoma pamoja na chumvi. Fyuzi aliiwekea Ajuza nyaya mpya, shaba halisi, akaijaribu mchana kweupe, ikawaka na kuzima kama gari lolote. Hakuna aliyetaka kuiendesha. Mwishoni seremala wa mtaa wa pili aliichukua, naye hajawahi kulalamika. Nywele za Chiriku ziliota tena, ila zile za kisogoni ziliota nyeupe, na wenzake shuleni wakampachika jina la bibi.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Kwa siku nyingi baada ya jioni ile mtoto hakumsemesha mama yake. Alikula alichopewa, akalala alipolazwa. Mama yake alimnyoa mistari ile iliyobaki, akamkanda kichwa kwa mafuta kila asubuhi, na Chiriku alimwachia kichwa kama mtu anayemwachia daktari mkono. Mara moja tu Fyuzi alimsikia akimuuliza, "Kwa hiyo watu wote walikuwa wanajua?" Mama yake akasema ndiyo. Mtoto akatikisa kichwa, akarudi kwenye mchezo wake wa vifuniko vya soda.

Kisha asubuhi moja alikuja mwenyewe saluni, amevaa viatu vya kufunga, amebeba begi lake la shule ambamo aliweka chupa ya maji, sweta na vipande vya mkate.

"Nipeleke alipo."

Mama yake alimwacha mteja kitini. Fyuzi, aliyekuwa amepita kusalimia, akafuatana nao. Walitembea. Walipita kwa muuza mkaa, wakapita ukuta wa shule, wakakata kona penye kinu cha kusaga, na Chiriku alikuwa anatangulia kwa hatua kubwa, mikono kwenye mikanda ya begi, kama mtu aliyejiandaa kwa njia ndefu. Nyuma ya kinu kulikuwa na ua wa michongoma na geti la chuma. Mama yake akasukuma geti.

Kaburi lilikuwa la tatu kutoka njiani. Udongo wake ulikuwa umeshashuka, na majani yalikuwa yameanza kuota.

"Ndiyo hapa?" aliuliza Chiriku.

"Ndiyo hapa, mwanangu."

Mtoto aligeuka akaangalia walikotoka. Kutoka pale bati la saluni lilionekana, na kamba ya kuanikia taulo za wateja. Aliangalia kwa muda mrefu. Kisha akavua begi lake lile zito, akaliweka chini taratibu kando ya udongo.

"Kumbe ni karibu hivi," alisema. "Na mimi nimemngoja siku zote hizo."